Waya Nyekundu za Baba Mudogo

2 Septemba

Nimekubali, na tayari najuta.

Stanislas alikuja mchana pamoja na mke wake Rébecca na gunia la viazi vya Lubero. Nilipoona viazi nikajua kuna neno kubwa nyuma yake, maana kaka yangu haleti viazi bure. Alikaa, akasifu chai, akauliza habari za kazi, akauliza tena habari za kazi. Mwishowe akatoa: anataka nimfungie waya za tableau ya ndege anayoijenga, ule ubao wa vyombo mbele ya rubani.

Watu wa mtaa wa Kimemi wanaiita "kuku ya Stanislas," kwa sababu ina mabawa na haijawahi kuruka. Ameijenga miaka mingi katika atelier yake ya kuchomelea vyuma, kati ya milango ya chuma na madirisha ya wateja, akifuata michoro aliyoagiza mbali. Ina viti viwili, mabawa ya aluminium, na moteur iliyokuja kwa lori kutoka Kampala. Kurusha atairusha yeye mwenyewe. Alijifunza Uganda, akarudi na cheti. Kilichobaki ni courant, umeme wake: redio, taa, pampu ya mafuta na zile saa zote za mbele ya rubani.

"Weye njo électricienne wa familia," alisema. "Nitaomba nani?"

"Mi nafunga manyumba na magari, yaya," nilimjibu kaka yangu. "Kitu ya kuruka sijafunga."

"Courant ni ile ile."

Rébecca alikuwa anachungulia majani ya chai ndani ya kikombe kana kwamba kuna mtu amezama humo.

Nilitaka kukataa. Halafu nikakumbuka mama. Mwaka juzi aliugua kule Mabalako, shambani, wakati barabara imefungwa kwa ajili ya vita. Alipofikishwa hospitali ya Beni, daktari alisema neno moja tu: mumechelewa. Tangu siku ile Stanislas hacheki tena mtu anapoitania ndege yake. Nikasema ndiyo.

4 Septemba

Baba mudogo Syauswa ametoa waya zote, zawadi. Ni mdogo wa marehemu baba, na quincaillerie yake, duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko, ndiyo kila fundi wa Butembo anapitia. Alisimama mbele ya wateja na rola nyekundu ya waya kila mkono.

"Ndege ya kwanza ya hapa kwetu itaruka na waya ya Syauswa!"

Watu wakapiga makofi. Mimi nilishika rola nikasema asante, baba mudogo. Tangu courant ifike mitaani kila mtu anafunga nyumba, na rola zile nyekundu anaziuza kuliko misumari. Mimi mwenyewe nyumba zangu zote za mwaka huu nimezifunga nazo. Kwenda kununua kwa mwingine kungekuwa matusi.

7 Septemba

Mvua. Atelier inavuja. Nimefunika tableau kwa shuka ya plastiki na kurudi nyumbani.

11 Septemba

Nilikuwa nimeshafunga waya za redio, nimezipitisha vizuri, nimezibana. Leo nakuta Stanislas ameihamisha redio upande wa kulia. Anasema ataiona vizuri zaidi. Nimefungua yote.

15 Septemba, Jumapili

Baada ya misa amerudisha redio mahali pake pa kwanza. Nimekwenda kulala mchana kama mgonjwa.

20 Septemba

Leo tumegombana juu ya skochi, utepe wa gundi.

Nyuma ya tableau mahali ni padogo kuliko sanduku la viatu, na kila kitu ni bati lenye makali. Kila tundu ambalo waya inapita lazima liwekwe pete ya mpira, la sivyo bati litakula ngozi ya waya kidogo kidogo, moteur inavyotetemeka. Na kila kifungu lazima kishikwe, kisicheze. Nilimweleza. Akaitikia. Nilikwenda kula, niliporudi alikuwa amezungushia skochi nyeusi ya isolant kwenye matundu yote yaliyobaki, akaona amenisaidia.

"Hii gundi itayeyuka, yaya. Kule nyuma kutakuwa moto."

"Weye unapenda tu kulalamika. Pete ya mpira tutaweka kiisha."

"Kiisha nini?"

"Kiisha tu."

Nimebandua skochi yote kwa kucha. Vidole vinanata mpaka sasa, hata karatasi hii inashikamana nami.

27 Septemba

Tumewasha moteur uani. Majirani wote ukutani. Sauti nzuri, siwezi kukataa. Nilisimama nyuma ya bawa na kifua kikanitetemeka. Halafu redio ikazimika. Tumezima moteur, redio ikarudi. Tumewasha, ikazimika.

29 Septemba, Jumapili

Stanislas amesimama kanisani wakati wa matangazo. Amesema ndege itabarikiwa na kuruka tarehe 24 Novemba, Jumapili, na kwamba jamaa ya Syauswa itakaa mbele. Baba mudogo aliinuka, akainamisha kichwa kwa watu wote.

Hakuniuliza. Redio inakufa kila moteur ikiamka, na yeye ametangaza siku.

3 Oktoba

Redio imekufa tena. Nimekata vichwa vya waya zote, nimeweka vipya, nimebana kwa koleo mpaka kiganja kikaota malengelenge.

5 Oktoba

Redio inaishi! Sasa pampu ya mafuta ndiyo inazimika na kuwaka.

8 Oktoba

Pampu nimeirekebisha. Redio imekufa. Stanislas anasema mimi sijui kubana. Mimi nasema yeye anagusa gusa vitu nikiwa siko. Rébecca alileta bugali na sombe ya majani ya muhogo, akaweka sahani chini ya bawa kati yetu, akaondoka. Tumekula kila mtu upande wake wa ndege.

12 Oktoba

Naandika polepole, nisiache kitu.

Tulisukuma ndege mpaka kiwanja cha ndege cha Rughenda, vijana mbele na nyuma, mabawa yakiwa yamefungwa juu ya kamioneti, tukayarudisha mahali pake tulipofika. Ruhusa tuliyopewa ni ya kukimbia chini tu, siyo kuinuka. Stanislas alitaka uzito kwenye kiti cha kulia ili mizani iwe kama siku yenyewe. Akamwita Rébecca. Alipanda na sketi yake ya kanisa, akaikunja chini ya magoti.

Walikwenda mara moja, wakarudi. Redio ilikuwa inasema. Stanislas akaninyooshea kidole gumba kupitia kioo. Nikaanza kufikiri kwamba kweli nilikuwa sijui kubana na sasa nimejua.

Mara ya pili walikimbia zaidi. Mkia uliinuka. Halafu nikaona ndani ya kioo pamekuwa peupe.

Mwanzo nilidhani ni mvuke, kwa sababu mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Kisha mlango wa kulia ukafunguka, Rébecca akaruka ndege ikiwa bado inakwenda, akaanguka kwenye changarawe. Nilikimbia. Sijui nilipitaje wale askari wa kiwanja. Moteur ilikuwa imezimika na Stanislas alikuwa bado ndani, anakohoa, anapiga tableau kwa kofia kuzima moshi.

Rébecca alikuwa amekaa chini, ameshika mkono wake wa kushoto kama anabeba yai. Moshi ulipoanza kutoka, kabla hajaruka, Stanislas alimwambia azime swichi kubwa iliyo upande wake. Swichi ilikuwa moto kama jiwe la jiko. Aliizima. Ngozi ya vidole ilibaki pale.

"Nilizima?" aliniuliza. "Iliisha?"

"Iliisha, shemeji."

Askari mmoja alikuwa anacheka. Mwenzake alimwambia anyamaze.

13 Oktoba, Jumapili

Sikwenda misa. Nimeshusha tableau yote mezani.

Nilikuja na hasira yangu tayari imeiva. Nilikuwa natafuta skochi ya Stanislas, au tundu lisilo na mpira, nimpelekee nimuonyeshe. Hakuna. Mahali palipoungua ni mahali nilipobana mwenyewe, na pamebanwa vizuri. Lakini ngozi ya waya imelainika kama ubani uliotafunwa, na nilipoivua, nyuzi za ndani zikadondoka mezani vipande vipande. Nyuzi za cuivre, shaba ya kweli, hazikatiki hivyo. Cuivre unaikunja, unaikunja, inakuvumilia.

Nikachukua kisu nikaparua uzi mmoja. Nje mwekundu. Ndani mweupe.

Nimeparua mwingine. Nimefungua rola mpya, nimeparua. Nimefungua ya tatu.

Aluminium. Wameipaka cuivre juu kama mtu anavyopaka rangi ukuta wa udongo. Inachemka mapema, inavunjika ikitetemeshwa. Majuma yote haya ya redio kufa na kufufuka, yalikuwa nyuzi zinakatika ndani ya ngozi yake, mahali ambapo jicho halifiki.

Niliporudi nyumbani nilikaa kwenye kiti, nikainua macho, nikaona ile waya nyekundu inapita darini kwangu kwenda kwenye taa.

15 Oktoba

Nimekwenda kwa baba mudogo. Aliniingiza dépôt, nyuma ya duka, tukasimama kati ya mifuko ya cement. Nikaparua uzi mbele yake.

"Ni nini?"

"Aluminium, baba mudogo. Balipaka tu cuivre juu."

Alichukua kisu mkononi mwangu, akaparua mwenyewe. Akachukua uzi mwingine, akauweka kwenye meno. Nilikuwa nimejitayarisha kwa kelele. Siku zote nimemwona kama mtu anayejua anachouza na asiyejali. Lakini aliketi juu ya mfuko, uso wake ukawa wa mzee.

"Mwenye kuniuzisha kule Guangzhou aliapa ni cuivre pure," alisema. "Alinipatia chai. Alinionyesha picha ya batoto bake."

"Alikudanganya."

"Nani anajua?"

"Mimi. Na sasa weye."

Alifunga kisu taratibu.

"Sikia, mutoto wangu. Kwa ndege, toa yote. Tafuta ile ya kweli, ata itoke wapi, ni mimi nitalipa. Mais neno ya duka ibakie hapa. Nikisema waya yangu ni ya bongo, ya kudanganya, nani atanunua kwangu ata musumari?"

"Na manyumba, baba mudogo?"

"Nyumba haitetemeke," alisema. "Nyumba iko imekaa."

Jioni nimemweleza Stanislas. Alisikiliza mpaka mwisho, nami nikadhani sasa tutakuwa pamoja.

"Donc atalipa waya mupya?" aliuliza.

"Ndiyo, mais—"

"Basi neno limekwisha. Amesema kweli, nyumba ni taa moja, mbili. Tusimvunjie muzee jina. Kiisha kuruka tutaona."

Na mimi nimenyamaza. Nimejiambia ni kwa ajili ya mkono wa Rébecca, ni kwa ajili ya mama, ni kwa ajili ya familia. Nimepata sababu nyingi sana kwa jioni moja.

19 Oktoba

Nimeng'oa waya zote. Ndege iko uchi.

22 Oktoba, Beni

Nimekuja kumwona mzee Malachie. Alifanya kazi ya courant kwenye ndege za kiwanja cha Mavivi maisha yake yote. Sasa amestaafu, anafuga sungura. Watu wanasema ana waya za ndege ya zamani iliyokufa, amezihifadhi kama nguo za arusi. Nilisafiri na gari la asubuhi, tukafuatana magari mengi, kwa sababu dereva hakupenda kuwa peke yake njiani wakati huu wa vita.

"Ile kuku ya Butembo?" alisema mlangoni. "Nimesikia. Rudia kwenu, mama."

Nikamwonyesha vipande vilivyoungua. Alivigeuza chini ya mwanga, akavinusa. Akaniambia niingie.

Waya zake ni nyeupe, ngumu kidogo, ngozi nyembamba isiyoshika moto. Nyuzi zina rangi ya fedha, na nilipoparua nikakuta cuivre mpaka ndani. Nilitaka kulia. Alinipa kamba yenye nta, akaniambia nifunge kifungu kimoja nione. Nilifunga. Akakata kwa makasi.

"Umekaza sana. Unanyonga waya. Tena."

Nilifunga tena. Akakata tena. Mara hii ilikuwa inacheza.

Tulikaa hivyo mchana mzima, sungura wakitafuna majani nyuma yetu, yeye na makasi yake, mimi na hasira yangu. Jambo moja alilonifundisha sikuwa nikilijua: kabla waya haijaingia nyuma ya redio, iache ishuke chini kidogo, ifanye tumbo, halafu ipande. Maji ya mvua yakitembea juu ya waya yatadondokea kwenye tumbo lile, hayataingia redioni.

"Maji inafuata waya kama muntu anafuata njia ya kwao," alisema. "Weye uikatie njia."

Nilimpa asante kwa Kinande, wasingya. Akaniambia nisishukuru kabla ya kumaliza.

28 Oktoba

Mvua.

29 Oktoba

Mvua. Nimefunga upande wa kulia wote. Stanislas anauliza kila asubuhi: kazi itakwisha? Kama mtoto anayeuliza kama sufuria imechemka.

6 Novemba

Malachie alikuja kukagua. Alivuta kila waya kwa kidole, akapitisha mkono nyuma ya kila bati. Halafu akachukua makasi yake na kukata kazi yote ya upande wa kushoto. Kifungu kilikuwa kimepita karibu na fimbo ya usukani. Rubani akivuta mpaka mwisho, fimbo ingekigusa.

"Itagusa kidogo tu," alisema Stanislas.

"Mara ngapi?" aliuliza Malachie.

Mimi nilitoka nje, nikasimama nyuma ya atelier kwenye mvua, nikatukana kwa Kinande maneno ambayo mama angenipiga kwa ajili yake. Nikarudi ndani nikaanza upya.

9 Novemba

Leo asubuhi nyumba ya Jokébed imeungua.

Ni mshonaji, mitaa miwili kutoka kwangu. Nilimfungia courant mwezi wa saba. Alikuwa na furaha, kwa sababu sasa angetumia pasi ya umeme kwa kunyoosha nguo za wateja badala ya ile ya makaa. Pasi inavuta courant nyingi. Kila siku, kila siku, kupitia waya ile ile ndani ya ukuta wa mbao.

Nilipofika watu walikuwa wanapitishana beseni za maji. Moto ulikuwa umekwisha kula chumba cha kushonea na paa lake. Hakuna aliyekufa. Watoto walikuwa wamekwenda kuchota maji. Mashine zake mbili zilikuwa zimesimama katikati ya majivu, nyeusi, na kwenye moja sindano bado imeshika kipande cha kitambaa. Nguo za arusi ya Jumamosi ijayo zilikuwa zimekwisha zote, za bibi arusi na za mashahidi.

Watu walikuwa wanasema ni shetani, wengine wivu wa mshonaji mwingine. Nilimwona baba mudogo anashuka kwenye gari lake, anatoa bati mpya, anaziweka chini kwa heshima. Watu wakamsifu. Alinitazama mara moja tu.

Jokébed alikuwa ameketi juu ya jiwe, kanga yake imelowa. Nikaketi karibu naye.

"Mama Jokébed, haiko shetani. Ni waya. Waya nilikufungia ni ya bongo."

Akanigeukia.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu mwezi uliopita."

"Mwezi uliopita." Aliangalia mashine zake. "Na weye unapitaka hapa kila asubuhi. Tunasalimiana. Unaniuliza batoto."

Angenipiga ningefurahi. Aliinuka tu, akaenda kusimama upande mwingine, pamoja na wale waliokuwa wanasema ni shetani.

10 Novemba, Jumapili

Nimekwenda kwa Stanislas kabla ya misa.

"Kuanzia leo nitapita nyumba kwa nyumba," nilimwambia. "Nitasema."

Alikuwa anafunga kiatu. Aliacha kamba.

"Ngojea mpaka tarehe makumi mbili na ine. Ikisha kuruka, sema yenye unataka."

"Na nyumba ikiungua ishirini na tatu?"

"Kavira, baba mudogo akikasirika ataenda kwa bakubwa ba kiwanja. Anajuana nabo bote. Ruhusa itakufa. Unajua juu ya nini ninafanya hii ndege. Mama—"

"Usiweke mama ndani ya waya ya Syauswa!"

Nilipiga kelele, ndiyo. Hapo Rébecca akatoka chumbani, mkono wake bado umefungwa kitambaa cheupe. Miaka yote nimedhani yeye ni kimya kwa sababu anamwogopa mumewe, na kidogo nilimdharau.

"Stani," alisema, "mukono yangu iliungua ndani ya ndege yako, sikusema kitu. Ilikuwa yangu. Nyumba ya Jokébed haiko yako ya kunyamazia." Halafu akanigeukia. "Kavira, enda."

Nimekwenda.

12 Novemba

Mwenye nyumba wa kwanza aliniuliza ni duka gani limenituma. Wa pili alifunga mlango. Wa tatu alinisikiliza, akanipa chai, kisha akasema atangoja mume arudi kutoka Kasindi, naye harudi mpaka Noeli. Nimewaomba angalau wasichomeke pasi wala réchaud, jiko la umeme. Wanaitikia. Nikigeuka nasikia harufu ya maharagwe juu ya réchaud.

14 Novemba

Wawili wamekubali. Asubuhi natoa waya za nyumba, mchana nafunga za ndege. Mgongo unaniuma. Stanislas ananipitishia vyombo bila kunitazama. Ananyoosha tu mkono.

17 Novemba, Jumapili

Nilikutana na baba mudogo mlangoni mwa kanisa. Nikamwamkia. Akaamkia mtu aliyekuwa nyuma yangu.

19 Novemba

Rola nyekundu hazipo tena dukani! Nilipita mara mbili kuhakikisha. Rafu ni tupu, kuna ndoo za rangi mahali pake. Nimefurahi mpaka nikanunua samaki. Nimejilaumu kwa kumfikiria vibaya. Labda mtu mzima anahitaji tu muda wa kushuka mti alioupanda.

20 Novemba

Malachie amenipigia simu.

"Zile waya nyekundu za familia yenu," alisema, "niko ninaziona hapa sokoni Beni. Rola mingi. Bamepunguza bei."

Samaki nimempa jirani.

Baada ya saa moja Malachie alipiga tena. Amesimama mbele ya meza ya muuzaji, anaparua waya mbele ya kila anayekuja kununua. Muuzaji anamtukana. Nilisikia matusi yenyewe nyuma ya sauti yake. "Mi ni mustaafu," alisema. "Niko na nafasi."

22 Novemba

Tumemaliza. Malachie alikuja na gari la asubuhi. Alivuta kila waya. Tuliwasha moteur, tukaiacha ingurume, tukaipandisha, tukaishusha. Redio ilisema bila kukata, pampu haikuyumba. Nilimwaga maji kwa kopo juu ya kifungu cha redio kama mvua. Yakatembea, yakafika kwenye tumbo, yakadondoka chini. Mzee alitafuta mahali pa kukata na makasi yake, akatafuta, mwishowe akayarudisha mfukoni.

Baba mudogo hakuzuia ruhusa. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu kiti chake cha mbele kilikuwa kimeshatangazwa.

Stanislas alinifuata mpaka barabarani.

"Utakuja Jumapili?"

"Kuna mama mumoja ameniita. Waya yake inanuka. Ana batoto ndani."

"Jumapili, Kavira. Saa ile ile?"

"Courant yake haijue siku, yaya."

Akaninyang'anya mkoba wa vyombo, akaubeba mpaka kwangu.

24 Novemba, Jumapili

Nyumba ya Mama Agar iko juu ya mlima, mbali na kwangu. Simjui, aliniita mwenyewe baada ya kusikia kwa wengine. Ni mtu wa kwanza kuniita bila mimi kugonga mlango. Nilikwenda misa ya kwanza, kisha nikachukua ngazi yake, nikaingia darini. Joto, vumbi, waya nyekundu imelala juu ya mbao kila upande, na mahali pamoja mbao imeshaanza kuwa kahawia. Nilikuwa na hasira. Nitaandika kweli: nilikuwa na hasira kwamba wote wako Rughenda, padri na maji yake, baba mudogo kwenye kiti cha mbele, Rébecca, Malachie, na mimi nimelala kifudifudi darini kwa mtu nisiyemjua.

Halafu nikaisikia.

Watoto wa mtaa wakaanza kupiga kelele. Mama Agar alikuja chini ya tundu la dari.

"Mama, si ni ndege ya kaka yako? Shuka, shuka uone!"

Sikushuka. Ningeshuka ningeiona, lakini mimi sikuhitaji kuiona. Nilishika mbao kwa mikono yote miwili, nikafunga macho, nikasikiliza moteur kama mtu anavyosikiliza kifua cha mgonjwa. Kila waya ninaijua. Nilikuwa nangojea ikohoe. Ilikuja, ikawa juu ya nyumba kabisa, bati likatetemeka, vumbi likanidondokea shingoni. Haikukohoa. Ikazunguka upande wa bonde, ikarudi, ikapita tena juu yetu, chini zaidi, sauti moja, nzima, haina ufa. Sijui kama Stanislas alijua niko nyumba gani. Sitamwuliza.

Niligundua nalia wakati machozi yalipochanganyika na vumbi na kuniingia mdomoni.

Sauti ilipungua kuelekea Rughenda, ikashuka, ikanyamaza kama inavyopaswa kunyamaza. Chini watoto walikuwa bado wanapiga kelele.

"Umesikia?" Mama Agar aliniita. "Mama, umesikia?"

"Nimesikia," nilimjibu. "Nipitishie koleo."